UZI: "Idadi ya vifo" kwenye maafa inahesabu nini hasa? Mbona namba zinapanda, zinashuka na kupishana?

Kalamu Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kimbunga Maria kilipiga Puerto Rico Septemba 2017. Namba rasmi ikasimama kwenye 64 kwa miezi. Mei 2018 ukatoka utafiti wenye 4,645. Agosti 2018 ukatoka mwingine wenye 2,975, na serikali ya kisiwa ikauchukua kuwa rasmi. Namba zote tatu zilipita kwenye vichwa vya habari zikiitwa jina moja tu: idadi ya vifo.

Sisi wa vyumba vya habari tunaandika neno hilo kila siku bila kulifungua. Wanaolijua kwa ndani, naomba mtueleze linabeba nini. Tafadhali tuache siasa kwanza, tuzungumze utaratibu.

Hesabu Kavu

Mkuu, hapo hakuna namba ya uongo. Kila moja ilijibu swali lake.

64 ni vifo ambavyo vyeti vyake vilikihusisha kimbunga na ofisi ya uchunguzi ikakubali. Jengo limemwangukia mtu, mafuriko yamemsomba, huyo anaingia. Mgonjwa wa figo aliyekosa kusafishwa damu kwa sababu umeme umekatika wiki tatu, cheti chake kimeandikwa "figo kushindwa kufanya kazi", nukta. Kimbunga hakimo kwenye karatasi, kwa hiyo hayumo kwenye 64. Kosa liko kwenye ujazaji wa cheti. Mnyororo wa sababu ulitakiwa ufike hadi mwanzo wake: figo zimeshindwa, kwa sababu ya kukosa huduma ya kusafisha damu, kwa sababu ya kukatika umeme, kwa sababu ya kimbunga. Madaktari wengi hawafundishwi kujaza cheti cha kifo cha maafa, na utafiti wa Agosti uliliona tatizo hilo waziwazi.

4,645 ilitokana na mahojiano ya kaya 3,299, kwa kipindi cha 20 Septemba hadi 31 Desemba 2017. Ni makadirio, na upana wake (yaani namba halisi inaweza kuangukia popote humo) ulikuwa kuanzia 793 hadi 8,498. Anayeandika 4,645 peke yake ameandika nusu ya habari. Sampuli ndogo ndiyo iliyoleta upana huo.

2,975 ni vifo vya ziada: waliokufa kati ya Septemba 2017 na Februari 2018 ukitoa wale ambao wangekufa hata kama kimbunga kisingekuja. Upana wake ni 2,658 hadi 3,290.

Kwa hiyo kabla ya kunakili namba yoyote, jua anahesabiwa nani, kwa ushahidi gani, ndani ya muda gani, na namba imefungwa lini. Bila hayo, namba mbili haziwezi kulinganishwa hata kama zinatofautiana kwa mtu mmoja.

Mochwari Kwanza

Nianzie chini kabisa, kwenye mwili wenyewe, maana huko ndiko hesabu inakoharibikia mapema.

Kanuni ya kwanza: mwili mmoja, namba moja, na namba hiyo hairudiwi kamwe. Inaandikwa kwenye lebo isiyoingia maji, inafungwa kwenye mwili, nyingine inafungwa kwenye mfuko wa maiti, na namba hiyohiyo inaonekana ndani ya kila picha. Weka mahali, tarehe na mfululizo, kwa mfano DARAJANI-MTU 1-001. Ukiandika "1" tu, kituo cha pili nacho kitakuwa na "1" yake, na jioni mtakapounganisha madaftari hamtajua nani ni nani.

Kipande cha mwili nacho kinapewa namba yake. Usikiunganishe na mwili wa jirani kwa macho kwa sababu eti vimeokotwa pamoja. Ila hapo kuna mtego: idadi ya namba zilizotolewa SI idadi ya watu. Kwenye shambulio la New York la 2001 zilikusanywa karibu sehemu 22,000 za mabaki kwa watu 2,753. Msemaji akisoma idadi ya mifuko badala ya idadi ya watu, mmeshaharibu.

Picha za haraka: mwili mzima kwa mbele, uso mzima, na alama zozote za pekee pamoja na nguo. Kwenye joto uso unaweza kuwa hautambuliki ndani ya saa 12 hadi 48, kwa hiyo picha ndiyo ya kwanza, mengine baadaye. Ubaridi unaofaa kuhifadhi miili ni nyuzi 2 hadi 4.

Na utambuzi wa macho wa ndugu pekee hautoshi. Mtu aliye kwenye mshtuko anamtazama marehemu aliyevimba uso, anatikisa kichwa kukubali, anaondoka na mwili wa mtu mwingine. Hapo umeharibu kesi mbili kwa mpigo mmoja: familia moja imezika asiye wake, nyingine inatafuta mwili ambao hautaonekana. Mwongozo wa Interpol unategemea alama za vidole, meno na vinasaba kama vitambulisho vya msingi, pamoja na vipandikizi vya hospitali vyenye namba ya pekee. Tatuu, makovu, nguo, simu na pete ni vya kusaidia tu. Pete inaazimwa, na simu inaweza kuwa ya jirani.

Jicho la Tatu

Mbona mara nyingi mnasikia "wazikwe haraka wasilete kipindupindu"? Kaburi la pamoja, tingatinga, kwisha.

Mochwari Kwanza

Ndugu, hilo ndilo linaloua hesabu kuliko yote. Waliokufa kwa majeraha, kuzama au moto hawakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, na miili yao haianzishi mlipuko wa ugonjwa. Hatari ni pale mlipuko wenyewe ndio umeua, kama Ebola au kipindupindu; hapo utaratibu ni mwingine kabisa. Anayeshika miili anahitaji glavu, buti na kunawa mikono.

Pasipo na majokofu, zika kwa muda lakini kwa mpangilio: kina cha mita 1.5, mita 200 kutoka chanzo cha maji ya kunywa, miili ipangwe safu moja bila kulaliana, nafasi ya mita 0.4 kati ya mmoja na mwingine, na kila mmoja na lebo yake na alama juu ya ardhi. Ukifanya hivyo unaweza kurudi mwaka ujao ukafukua namba 37 peke yake. Ukimwaga kwa tingatinga, idadi itabaki kukisiwa milele.

Nanga

Kwenye ajali za majini na angani kuna hesabu mbili zinazokutana: waliopanda na waliopatikana. Waliopanda, toa manusura, toa miili, unaobakiwa nao ni wasiojulikana walipo. Inaonekana rahisi mpaka uishike orodha ya abiria.

MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria 21 Mei 1996, ndiyo mfano unaojulikana. Meli ilijengwa kwa uwezo wa watu 430. Orodha ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Idadi rasmi ya waliokufa ni 894. Ukianza na orodha yenye tundu, kutoa kwako kote ni bure. Inabidi uanze upande wa familia: nani aliondoka nyumbani akisema anapanda meli.

Orodha iliyo kamili nayo ina matatizo yake. Kuna aliyekata tiketi hakusafiri, kuna aliyesafiri kwa tiketi ya nduguye, kuna mtoto wa kubebwa asiye na tiketi, na kuna jina moja lililoandikwa kwa tahajia mbili. Titanic ilizama 1912 na hadi leo vyanzo vinatofautiana kuanzia karibu 1,490 hadi 1,635, na sababu kubwa ni hizohizo: walioahirisha dakika za mwisho, waliosafiri kwa majina ya bandia, na walioorodheshwa mara mbili.

Kalamu Nyeusi

Asanteni sana. Swali la mezani: taarifa ya asubuhi inasema "40 wamekufa, 25 hawajulikani walipo". Jioni inasema "52 wamekufa". Mwandishi anaweza kuandika 52 na 25 ni 77?

Hesabu Kavu

Hapana! Hilo ndilo kosa la kila siku. Wale 12 walioongezeka huenda walitoka kwenye wale 25, na kama ni wote, waliobaki ni 13 na jumla ni 65 ileile ya asubuhi. Huenda pia baadhi yao hawakuwahi kuripotiwa popote. Namba mbili za saa tofauti hazijumlishwi. Omba zote mbili za saa ileile kutoka chanzo kimoja, au andika moja tu.

Kosa la pili ni kujumlisha vituo. Hospitali inasema 18, polisi wanasema 30, mochwari inasema 33. Aliyefia hospitali alipelekwa mochwari, na polisi walimwandika eneo la tukio. Yupo kwenye madaftari matatu. Jumla si 81. Huenda ni 33, huenda 36. Dawa yake ni jedwali moja lenye safu ya mtu mmoja mmoja: namba ya mwili, jina kama lipo, jinsia, umri wa kukadiria, alipookotwa, alipo sasa, na hali yake (hai, amekufa ametambuliwa, amekufa hajatambuliwa, hajulikani alipo). Mtu akibadilika hali, safu inabadilishwa, haiongezwi mpya. Anayelishika jedwali awe mmoja kwa zamu, na msemaji asome kutoka hapo tu.

Mochwari Kwanza

Na orodha ya wasiojulikana walipo karibu siku zote huanza ikiwa imevimba. Moto wa Grenfell Tower, London, Juni 2017: orodha ya walioripotiwa ilifika majina 400, na mtu mmoja aliripotiwa mara 46. Shangazi anapiga simu, mwajiri anapiga, rafiki wa shule anapiga kwa jina la utani. Polisi walitaja takriban 80, Novemba wakashuka hadi 71, na Januari 2018 majeruhi mmoja akafariki ikawa 72. Kule New York 2001 wiki za kwanza zilitajwa namba zaidi ya 6,000.

Kwa hiyo namba ikishuka usikimbilie kusema imefichwa. Mara nyingi imesafishwa.

Jicho la Tatu

Sawa, lakini msitufanye watoto. Serikali zinaficha.

Hesabu Kavu

Zipo zinazoficha, sibishi. Ila usiipime kwa kuangalia namba imepanda au imeshuka. Angalia kama namba ina jedwali nyuma yake, kama imegawanywa kwa eneo, jinsia na umri, kama familia zinaweza kupeleka jina likaingizwa au likakataliwa kwa sababu iliyoandikwa. Namba ya mviringo inayotajwa na mkubwa mmoja bila mgawanyo, iwe ndogo au kubwa, itilie shaka. Kuna faida ya kupunguza, kukwepa lawama. Kuna faida pia ya kuongeza, kupata misaada.

Tetemeko la Haiti 2010: serikali ilifikisha 316,000, ilhali ripoti iliyoagizwa na shirika la misaada la Marekani mwaka 2011 ilikadiria kati ya 46,000 na 85,000. Pengo hilo si la kurekebisha kwa kutafuta wastani. Makaburi ya pamoja bila hesabu ndiyo yaliyoliacha wazi.

Mfano wa kinyume: kimbunga Katrina cha 2005 kilibebeshwa 1,833 kwa miaka mingi. Mwaka 2023 kituo cha vimbunga cha Marekani kikarekebisha hadi 1,392, kikiwa na mgawanyo: 520 vya moja kwa moja, 565 visivyo vya moja kwa moja, na 307 visivyoweza kuamuliwa. Napenda hasa ile 307. Ofisi inayothubutu kuandika "hatukuweza kuamua" ina jedwali kweli.

Kalamu Nyeusi

Hapo sasa: mpaka wa "moja kwa moja" uko wapi?

Daktari wa Zamu

Moja kwa moja: nguvu ya janga yenyewe ndiyo iliyoua. Maji, upepo, ukuta, moto, moshi. Isiyo ya moja kwa moja: mazingira yaliyoletwa na janga. Jenereta iliyowashwa ndani ikajaza moshi wenye sumu, kuanguka paa wakati wa ukarabati, mshtuko wa moyo wakati wa kuhamishwa, kukosa insulini, kukosa oksijeni. Kipimo cha kujiuliza: janga lisingetokea, mtu huyu angekufa siku hiyo kwa namna hiyo? Kama jibu ni hapana, anahusika, hata kama alikuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Japani wameliweka hili kwenye utawala. Halmashauri inapokea maombi, kamati inapima, na ikikubali kifo kinaitwa kifo kinachohusiana na maafa, familia inalipwa rambirambi: yeni milioni 5 kama marehemu ndiye aliyekuwa akitegemewa na kaya, milioni 2.5 kwa wengine. Tetemeko la Kumamoto la 2016 liliua watu 50 moja kwa moja. Waliokubaliwa baadaye kama wanaohusiana ni zaidi ya 200. Ukifunga hesabu wiki ya pili unawaacha wengi kuliko uliowaandika.

Muda nao ni sehemu ya maana. Kwenye ajali za barabarani kipimo kinachotumika kimataifa ni siku 30: aliyekufa siku ya 31 haingii takwimu ya ajali ingawa ajali ndiyo iliyomuua. Kwenye maafa mengine hakuna mpaka mmoja unaokubalika na wote, ndiyo maana lazima uutaje wako. Ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ni kielelezo cha mbali zaidi: namba ya Kisovieti ilikuwa 31, na mwaka 2005 jopo la mashirika ya Umoja wa Mataifa likakadiria hadi 4,000 kwa miaka mingi ijayo miongoni mwa waliopatwa na mionzi mingi zaidi. Ya kwanza ni majina, ya pili ni hesabu ya hatari. Hakuna atakayeweza kukuletea orodha ya hao 4,000.

Hesabu Kavu

Na kwa joto kali, orodha ya majina haisaidii kitu. Joto haliandikwi kwenye cheti, huandikwa moyo au kiharusi. Majira ya joto ya Ulaya ya 2003 yalipewa zaidi ya vifo 70,000 kwa njia ya vifo vya ziada tu.

Njia yenyewe: chukua vifo vyote, vya sababu zote, kwa wiki au mwezi, kwa miaka kadhaa ya nyuma. Tengeneza kiwango kinachotarajiwa ukizingatia umri, msimu na mwelekeo. Toa. Pagumu ni idadi ya watu waliopo. Turudi Puerto Rico: baada ya kimbunga watu wengi walihama, kama asilimia 8 ya wakazi. Watafiti walipofanya hesabu kana kwamba wote wapo, ziada ikawa 1,191. Walipokubali kwamba waliobaki ni wachache, matarajio yakashuka na ziada ikawa 2,975. Vifo vilivyosajiliwa ni vilevile! Kilichobadilika ni idadi ya watu inayotumika kupigia hesabu ya matarajio.

Ziada pia huchanganya waliookolewa na waliouawa. Barabara zikiwa tupu, ajali zinapungua, na punguzo hilo linafunika baadhi ya vifo vya janga. Kwa hiyo usiandike "janga limeua 2,975"; andika "vifo 2,975 zaidi ya vilivyotarajiwa". Vivyo hivyo kwa korona: WHO ilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa vilikuwa kama milioni 5.4.

Mwana wa Msajili

Tusisahau wasio na mwili. Kisheria, "hajulikani alipo" hajafa. Nchi nyingi zinasubiri miaka 7 kumdhania mtu amekufa, isipokuwa mahakama ikiridhika mapema kwa ushahidi wa tukio. Baada ya tsunami ya 2011 Japani ilirahisisha usajili ili familia zipate cheti bila mwili. Hata hivyo polisi wao waliendelea kutangaza safu mbili: takriban 15,900 waliothibitishwa na zaidi ya 2,500 wasiojulikana walipo.

Mfumo wa Sendai, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza maafa, nao unaziweka pamoja na kuzitenganisha kwa wakati mmoja: kiashiria A-1 ni vifo na wasiojulikana walipo kwa kila watu 100,000, A-2 ni vifo, A-3 ni wasiojulikana walipo. Anayenukuu taarifa ya nchi aangalie amechukua ipi.

Nanga

Kuna njia ya kukadiria waliosahaulika na orodha zote? Tuseme una orodha ya hospitali na ya viongozi wa mitaa, na zote mbili hazijakamilika.

Hesabu Kavu

Ipo. Orodha A ina majina 120, B ina 90, na majina 60 yamo kwenye zote. Zidisha 120 kwa 90, gawa kwa 60: unapata 180. Majina tofauti uliyonayo ni 120 na 90 toa 60, yaani 150. Kwa hiyo unakadiria 30 hawamo popote.

Sasa ona inavyovunjika. Aliyelinganisha majina akashindwa kutambua kwamba "Abdalla S." na "Abdallah Said" ni mtu mmoja, na akakosa kumi na tano kama hao. Yanayofanana yanakuwa 45, na makadirio yanaruka hadi 240. Watu 60 wa hewa wamezaliwa kwa tahajia! Upande wa pili, kama viongozi wa mitaa walinakili majina kutoka hospitali, yanayofanana yanakuwa mengi mno na makadirio yanashuka kuliko ukweli. Orodha mbili ziwe zimekusanywa bila kutegemeana. Zikiwa tatu ni bora, unaweza kupima utegemezi wenyewe. Linganisha kwa jina, umri, jinsia na makazi, usitumie jina peke yake.

Kalamu Nyeusi

La mwisho. Kwenye sentensi ya habari, mnashauri iandikweje? Na mimba inahesabiwaje?

Daktari wa Zamu

Mimba: amua mwanzo na uandike. Ile 71 ya Grenfell ilimjumuisha mtoto aliyezaliwa mfu baada ya moto. Wengine wasingemhesabu. Vyote viwili vinakubalika ikiwa msomaji ameambiwa.

Hesabu Kavu

Andika chanzo, saa na hali: "Hadi saa 12 jioni, kitengo cha maafa kilikuwa kimethibitisha vifo 52, watu 13 hawajulikani walipo." Tenga "waliothibitishwa" na "wanaohofiwa kufa". "Zaidi ya 52" usiitumie kama chanzo kimesema 52 kamili. Neno "zaidi" limeongezwa na wewe. "Takriban" iache kwa makadirio. "Wahanga" na "waathirika" visitumike kumaanisha waliokufa, maana aliyepoteza nyumba naye ni mwathirika, na msomaji atajumlisha vibaya.

Namba ikishuka, usibadilishe habari ya zamani kimyakimya. Weka mstari: "Awali ilitajwa 58, sita walikuwa wameandikwa mara mbili na hospitali na mochwari." Na weka jina la aliyekupa namba kwenye kumbukumbu zako pamoja na saa, kwa sababu kesho kutakuwa na msemaji mwingine mwenye daftari lingine.